Maurice Richard: Mnyamavu aliyebebeshwa lugha ya watu wake

Tunapofundisha isimujamii huwa tunawaeleza wanafunzi kwamba lugha hupiganiwa bungeni, mahakamani na shuleni. Ni nadra kuwaambia kwamba hupiganiwa uwanjani pia. Hata hivyo, kipo kisa ambacho wanahistoria wa Kifaransa nchini Kanada hawakosi kukitaja, na kilitokea katika ukumbi wa michezo jijini Montreal mnamo Machi 1955. Aliyekuwa kiini chake hakuwa malenga, wakili wala mwanasiasa. Alikuwa mchezaji wa magongo ya barafuni, mtoto wa fundi wa reli, mtu asiyependa maneno mengi. Jina lake Maurice Richard, na alifariki tarehe 27 Mei, 2000.

Sisi Wakenya tunaufahamu vyema mpira wa magongo unaochezwa nyasini. Huu mwingine huchezwa na watu 6 kila upande, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wakiteleza kwa kasi ya kutisha juu ya barafu huku wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kupigana vikumbo ni halali, na meno kung'oka ni jambo la kawaida. Tangu mwaka wa 2005, uwanja mdogo wa barafu ulipofunguliwa katika hoteli ya Panari jijini Nairobi, wapo vijana wetu waliojifunza kuucheza. Kwa Wakanada, hasa enzi za Richard, mchezo huo ulikuwa karibu na dini.

Richard alizaliwa Montreal tarehe 4 Agosti, 1921, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto 8. Baba yake, Onésime, alitoka Gaspésie, pembe ya mashariki ya mkoa wa Quebec, akaja mjini kutafuta riziki, akaajiriwa katika karakana za shirika la reli la Canadian Pacific. Nyumbani, kanisani na mtaani Bordeaux walikoishi, lugha ilikuwa Kifaransa. Kijana alijifunza kuteleza majira ya baridi kama watoto wote wa huko, na alipofika umri wa miaka 16 aliacha shule akaungana na babake karakanani kama fundi mitambo. Jioni alicheza magongo kwa timu yoyote iliyomtaka, na kwa kuwa timu zilikuwa nyingi kuliko kanuni zilivyoruhusu, nyakati nyingine alitumia jina la bandia.

Msomaji hana budi kuelezwa Montreal ilivyokuwa wakati huo. Wakazi wake wengi walikuwa wasemaji wa Kifaransa, ilhali lugha ya fedha ilikuwa Kiingereza. Mabenki, bima, reli na viwanda vikubwa viliendeshwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi alipokea amri kwa lugha ya bwana mkubwa, na aliyetamani kupandishwa cheo ilimpasa kuiacha lugha ya mamake mlangoni pamoja na koti lake. Katika maduka makubwa ya barabara ya Sainte-Catherine mteja angeweza kuuliza bei kwa Kifaransa akajibiwa kwa Kiingereza, katika mji wa mababu zake. Kwa sisi tuliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, hali hiyo haihitaji maelezo marefu.

Hata klabu yenyewe ilikuwa na asili ya namna hiyo. Canadiens ilianzishwa mwaka wa 1909 ili iwavute mashabiki wa Kifaransa, lakini mwanzilishi wake, Ambrose O'Brien, alikuwa tajiri wa Ontario msemaji wa Kiingereza. Waingereza wa Montreal walikuwa na timu yao, Maroons, hadi ilipokufa mwaka wa 1938. Baada ya hapo Canadiens ikabaki peke yake mjini. Katika ligi yenyewe zilisalia timu 6 tu kuanzia 1942: Montreal, Toronto, Detroit, Boston, Chicago na New York.

Dalili za mwanzo hazikuwa njema. Alipokuwa katika timu ya wakubwa iliyolea vipaji kwa ajili ya Canadiens, Richard alivunjika kifundo cha mguu, na msimu uliofuata akavunjika kifundo cha mkono. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alijaribu kujiunga na jeshi, akakataliwa kwa sababu mifupa yake haikuwa imeungana sawasawa. Akajaribu tena, safari hii kama fundi mitambo, akakataliwa kwa kukosa cheti. Hatimaye alivaa jezi ya Canadiens mwezi wa Oktoba 1942, akacheza mechi 16, akavunjika mguu. Wapo viongozi wa klabu walioanza kujiuliza kama kijana huyu hakuumbwa kwa udongo wa mfinyanzi.

Kocha Dick Irvin hakukata tamaa. Alimhamishia winga ya kulia ingawa alipiga kwa mkono wa kushoto, jambo lililompa nafasi ya kuingia katikati na kulitazama lango uso kwa uso. Akampanga pamoja na Elmer Lach na Toe Blake. Mwaka wa 1943 alizaliwa binti yake wa kwanza, Huguette, akiwa na uzani wa ratili 9, na baba akaomba abadilishiwe jezi ili avae nambari 9. Tarehe 23 Machi, 1944 Canadiens waliilaza Toronto 5-1 katika mechi ya muondoano, na mabao yote 5 yalikuwa ya Richard. Majira hayo klabu ilitwaa Kombe la Stanley, la kwanza kati ya 8 aliyoyashika.

Jina lake la kupanga lilitoka kwa mchezaji mwenzake, Ray Getliffe, aliyemwona mazoezini akiingia langoni kama roketi. Waandishi wa Kiingereza wakalidaka, na Wafaransa wa Quebec nao wakalichukua. Hapa mwanaisimu hawezi kupita bila kusimama kidogo, kwani walilichukua bila kulitafsiri. Walilitia kibainishi cha Kifaransa mbele, likawa Le Rocket. Shujaa mkuu wa wasemaji wa Kifaransa aliitwa kwa neno la Kiingereza maisha yake yote, na hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo lugha zinavyoishi pamoja katika mji mmoja hata pale wenyewe wanapochukiana.

Msimu wa 1944-45 ndio uliomweka katika vitabu. Tarehe 28 Desemba, 1944, baada ya kushinda siku nzima akihamisha vyombo vya nyumba, alifika uwanjani akiwa amechoka, akafunga mabao 5 na kutoa pasi 3 za mabao dhidi ya Detroit. Rekodi ya msimu mmoja ilikuwa mabao 44, iliyowekwa na Joe Malone. Richard aliipita, akaendelea, na tarehe 18 Machi, 1945 mjini Boston, zikiwa zimesalia dakika 2 na ushei mechi ya mwisho ya msimu imalizike, akafunga bao lake la 50 katika mechi ya 50. Waliomwonea kijicho walidai kwamba ligi ilikuwa imedhoofishwa na vita, wachezaji wengi wazuri wakiwa jeshini. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini vita viliisha, wachezaji wakarudi, na miaka 36 ikapita kabla ya mtu mwingine, Mike Bossy, kufunga 50 katika mechi 50 mwaka wa 1981.

Hakuwa mtelezaji hodari kuliko wote, wala hakuwa na maarifa mengi ya pasi. Alichokuwa nacho ni ukali wa kulitaka lango. Walinda lango waliomkabili walikuwa wakiyasimulia macho yake kuliko mkono wake. Alikuwa na uwezo wa kumbeba beki mgongoni, kwa maana halisi ya neno, na bado akafunga. Aprili 1952, katika mechi ya 7 ya nusu fainali dhidi ya Boston, aligongwa akazimia, akatolewa damu ikimtiririka. Alirudi mechi ikikaribia kwisha, timu zikiwa sare 1-1, akawapita mabeki na kufunga bao la ushindi. Picha iliyopigwa baadaye inamwonyesha akipeana mkono na mlinda lango wa Boston, Jim Henry, mmoja akiwa na bendeji na damu usoni, mwingine akiwa ameinamisha kichwa kidogo kana kwamba anaamkia mzee.

Mwaka huo huo wa 1952 televisheni ya Radio-Canada ilianza kuonyesha mechi, na mtangazaji René Lecavalier akawa anazieleza kwa Kifaransa safi, akiziba kwa maneno ya kwao mapengo ambayo hapo awali yalijazwa na Kiingereza. Anayekumbuka jinsi marehemu Leonard Mambo Mbotela alivyotangaza kandanda kwa Kiswahili redioni atalielewa jambo hili mara moja. Watu walisikia mambo makubwa yakitendeka kwa lugha yao, na aliyeyatenda alikuwa mtu aliyesema kama wao.

Aliyesema kama wao, japo kwa nadra. Alipoingia Canadiens Richard hakujua Kiingereza cha kutosha, na katika chumba cha wachezaji kocha na meneja walitumia lugha hiyo. Alijifunza polepole. Kwa Kifaransa pia alikuwa mtu wa kujibu kwa sentensi moja kisha kunyamaza. Uchungu wake aliutoa kwa ngumi na gongo. Wapinzani walikuwa na mazoea ya kumchokoza kwa makusudi, wakijua kwamba hawezi kuvumilia, na wengine walimtukania lugha na asili yake. Alipigana, akaadhibiwa, akatozwa faini mara nyingi.

Aliyemtoza alikuwa Clarence Campbell, rais wa ligi, mzaliwa wa Saskatchewan, wakili aliyesoma Oxford na kuwahi kuwa mwamuzi wa mchezo huo. Ofisi yake ilikuwa Montreal. Machoni mwa mashabiki wa Kifaransa alikuwa sura ya wakubwa wote wa mji ule. Sasa, msomaji, tazama lililotokea mapema mwaka wa 1954. Richard alikuwa na safu iliyochapishwa kwa jina lake katika gazeti la Kifaransa la Samedi-Dimanche. Mchezaji mwenzake, Bernard Geoffrion, alipofungiwa kwa kumpiga mpinzani, safu hiyo ilimshutumu Campbell kwamba anatawala kwa mabavu na kwamba hawapendi wachezaji wa Kifaransa. Campbell alikasirika. Richard alilazimishwa kuomba radhi, kuiacha safu, na kuweka dhamana ya dola 1,000 kuthibitisha kwamba hatarudia. Huenda ndiyo mara pekee aliyoyasema hadharani yaliyokuwa moyoni mwake, na mara hiyo moja akazibwa mdomo. Mimi naona kwamba moto wa 1955 uliwashwa siku hiyo, ingawa uliwaka baadaye.

Tarehe 13 Machi, 1955, mjini Boston, Hal Laycoe alimpasua Richard kichwa kwa gongo. Richard alimrudi kwa gongo lake, tena zaidi ya mara moja, na mwamuzi msaidizi Cliff Thompson alipojaribu kumzuia akampiga ngumi. Tusimpambe kwa mapambo asiyostahili. Kumpiga mwamuzi ni kosa katika mchezo wowote, na miezi michache tu kabla ya hapo, mjini Toronto, alikuwa amemshambulia mwamuzi mwingine. Adhabu ilikuwa haki yake. Lakini tarehe 16 Machi Campbell alimfungia mechi zote zilizosalia za msimu pamoja na mechi zote za muondoano, wakati Canadiens na Detroit walipokuwa bega kwa bega kileleni, na Richard akiongoza ligi kwa pointi, heshima ambayo hakuwahi kuipata. Wafaransa wa Montreal hawakuihesabu kama adhabu ya mchezaji. Waliihesabu pamoja na mengine.

Kesho yake Detroit walikuwa wageni katika ukumbi wa Forum. Campbell alishauriwa asiende. Akaenda, tena akachelewa kidogo ili kila mtu amwone akiketi. Mayai, nyanya na viatu vya mvua vikaanza kumnyeshea. Kijana mmoja alimkaribia kana kwamba anataka kumpa mkono, akampiga. Kipindi cha kwanza kilipokwisha Detroit wakiongoza 4-1, mkebe wa gesi ya vitoa machozi ukalipuka karibu na alipokaa. Watu walitoka wakikohoa, wakakutana na umati uliokuwa nje, na barabara ya Sainte-Catherine ikavunjwa vioo na kuporwa maduka hadi usiku wa manane. Campbell aliandika kikaratasi akiwapa Detroit ushindi. Hasara ilikadiriwa kuwa takriban dola 100,000, na makumi ya watu walikamatwa.

Richard alikuwa ukumbini, ameketi karibu na lango, akitazama. Siku iliyofuata aliketi mbele ya vipaza sauti na kuwasihi watu watulie, akisema kwamba anaikubali adhabu yake na atarudi msimu ujao. Alisema kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiingereza. Mji ukatulia. Jambo hili hunishangaza kila ninapolifikiria. Mtu aliyenyimwa safu ya gazeti mwaka mmoja tu kabla ya hapo sasa aliombwa aseme, kwa kuwa hapakuwa na mwingine ambaye umati ungemsikiliza.

Siku chache baadaye André Laurendeau, mwandishi wa gazeti la Le Devoir, alilinganisha ghasia hizo na hasira ya Wafaransa wa Kanada baada ya Louis Riel kunyongwa mwaka wa 1885. Hoja yake ilikuwa kwamba umati ule haukujua sana kwa nini umekasirika, ila Richard aliwapa jina la kuitia hasira ya siku nyingi. Laurendeau huyo huyo ndiye aliyeteuliwa mwaka wa 1963 kuwa mwenyekiti mwenza wa tume ya kitaifa ya kuchunguza hali ya lugha mbili za Kanada. Watafiti wake walionyesha kwamba katika Quebec yenyewe wanaume wa asili ya Kifaransa walikuwa karibu na mkia katika orodha ya mapato ya makabila yote. Sheria ya lugha rasmi ikapitishwa 1969, na mwaka wa 1977 Quebec ikatunga sheria yake iliyokifanya Kifaransa lugha ya kazi, mabango na shule.

Je, Richard ndiye aliyeleta yote hayo? Hasha. Si yeye, na hata hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wapigania lugha. Katika miaka ya 1950 alijitokeza kwenye kampeni za Maurice Duplessis, waziri mkuu wa Quebec aliyekuwa mhafidhina na rafiki wa matajiri. Kila alipoulizwa kuhusu siasa alijibu kwamba yeye ni mchezaji tu. Wasomi wengi wamempuuza kwa jibu hilo, nami naona wanakosea. Mtu anaweza kuwa ishara ya lugha bila kuwa mtetezi wake. Ishara haichagui maana yake, maana huitwika kutoka nje, na mzigo huo Richard aliubeba miaka 45 bila kulalamika na bila kuukubali.

Msimu ule wa 1955 uliisha vibaya. Geoffrion, Mfaransa mwenzake, alimpita kwa pointi 75 dhidi ya 74, na mashabiki wa nyumbani wakamzomea kwa kosa la kufunga. Detroit wakatwaa kombe. Klabu ilimwondoa Irvin na kumpa Toe Blake kazi ya ukocha, Blake ambaye mamake alikuwa wa Kifaransa na aliyezisema lugha zote mbili. Sidhani hilo lilitokea kwa bahati. Yaliyofuata hayajapata kurudiwa na klabu yoyote katika ligi ile: Kombe la Stanley mara 5 mfululizo, 1956 hadi 1960, miaka minne ya mwisho Richard akiwa nahodha. Mdogo wake, Henri, aliyekuwa amepishana naye kwa miaka zaidi ya 14, alicheza pamoja naye. Tarehe 19 Oktoba, 1957 alifunga bao la 500, mtu wa kwanza kufika hapo. Wiki chache baadaye kano ya kisigino ilikatwa, na tangu hapo mwili ukaanza kumwacha. Alistaafu tarehe 15 Septemba, 1960 akiwa na mabao 544 katika mechi 978.

Maisha ya baadaye hayakuwa na fahari inayodhaniwa. Klabu ilimpa cheo kisichokuwa na kazi, akakichoka na kuondoka, na uhasama huo ulidumu miaka mingi. Aliuza mafuta ya kupashia nyumba joto. Alitengeneza na kuuza mishipi ya kuvulia samaki akiwa nyumbani kwake. Alionekana kwenye tangazo la dawa ya kuficha mvi. Mwaka wa 1972 alipewa kazi ya kuifundisha timu mpya ya Quebec Nordiques, akakaa mechi 2 akaiacha, maana kelele zile hakuziweza tena.

Tarehe 11 Machi, 1996 Forum ilifungwa baada ya kutumika zaidi ya miaka 70. Wachezaji wa zamani waliitwa mmoja mmoja, na lilipotajwa jina lake watu wakasimama, wakapiga makofi, wakaendelea kupiga. Aliinua mkono kuwaomba wakome. Hawakukoma. Dakika zaidi ya 7 zilipita, mzee wa miaka 74 akifuta machozi katikati ya barafu, akiwa hana la kusema.

Alipokufa kwa saratani akiwa na umri wa miaka 78, serikali ya Quebec ilimpa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo haikuwa imepata kumpa mwanamichezo. Zaidi ya watu 115,000 walipita mbele ya jeneza lake, wengi wao wakiwa hawajazaliwa alipostaafu. Miaka 2 baadaye Kanada ilitoa noti mpya ya dola 5. Nyuma yake kulikuwa na watoto wanaocheza juu ya barafu pamoja na maneno machache kutoka kwa hadithi ya Roch Carrier kuhusu kijana wa kijijini aliyempenda Richard. Maneno hayo yalichapishwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na mtoto mmoja wa pale mgongoni alivaa nambari 9.